Pipa la Pili

Baba mkwe wangu hakuwahi kukubali kwamba alihamia kwangu. Aliingia Mabanga, mtaa wetu hapa Goma, asubuhi moja ya mvua, akitembea nyuma ya ng'ombe mmoja mwekundu, viatu vyake vya plastiki vimejaa tope la kwao Masisi, kibuyu cha maziwa kikining'inia begani. Alisimama nje ya lango letu la mbao mpaka mke wangu, binti yake, akatoka. Hata hapo hakuingia. Alimwacha ng'ombe apite kwanza.

"Mimi sikukuya kwenu," aliniambia kabla ya salamu. "Nafuata ng'ombe."

Nilimwelewa. Kwao mzee halali kwa mkwe wake, hali chakula cha mkwe wake, wala haombi maji ya kuoga kwa mkwe wake. Ni aibu ambayo watoto wake huirithi. Lakini mchungaji hulala pale anapolala ng'ombe wake, na hapo hakuna aibu yoyote. Tena ng'ombe yule alikuwa na haki ya kuja kwangu. Sisi watu wa Butembo tunatoa mbuzi kwa mahari. Nilipompenda msichana wa Masisi, wazee wetu walitikisa vichwa, wakauza mbuzi, wakanunua mtamba na kumpandisha milimani. Miaka ikapita, mtamba akazaa, uzao wake ukazaa. Vita vilipofika kijijini kwao, zizi zima liliswagwa usiku mmoja. Alibaki mmoja tu, aliyekuwa kwa jirani akingoja dume, naye alikuwa mjukuu wa yule wa mahari.

"Ni wewe ulimuleta kwetu," mzee alipenda kunikumbusha. "Sasa amerudi kwake. Mimi namusindikiza tu."

Tukakubaliana hivyo bila kuandikiana. Ng'ombe alikuwa mgeni, mzee alikuwa mchungaji wa mgeni. Alijenga kibanda cha mbao na turubai kwenye ukuta wa mawe ya volkano, ng'ombe upande mmoja, mkeka wake upande wa pili. Mke wangu alimpelekea sahani kwa nyuma, kama mtu anayepeleka chumvi ya ng'ombe, naye alikula akiwa ameelekea zizini, ili asiwepo wa kusema kwamba amemwona mezani kwangu.

Mapatano hayo yalikuwa na upande wa pili, ambao hatukuutaja. Siku ng'ombe akiondoka, mzee hangekuwa na sababu ya kulala Mabanga. Nje ya mji, juu ya lava tupu, mahema meupe yalikuwa yameanza kuongezeka, na watu wengi wa kijiji chake walikuwa huko tayari. Mke wangu alikuwa akienda kuwaona, akirudi mikono mitupu. Ndiyo maana katika nyumba yetu swali la ng'ombe atakula nini halikuwa swali la mifugo.

Kiwanja kilikuwa cha mama yangu. Alikinunua kwa kuuza mboga sokoni, na juu yake alijenga nyumba ya mbao, kisha volkano ikaipitia, kisha akajenga tena juu ya lava iliyopoa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwingizia ng'ombe bila kumuuliza, na sisi hatukuwa tumemuuliza.

"Mavi ya ng'ombe kwenye mulango wangu!" alisema siku ile ya kwanza, mikono kiunoni. "Kesho mutaniletea nini? Tembo ya Virunga?"

"Tembo hapana, mama," mzee alijibu kutoka kibandani. "Tembo anakula sana."

Mama hakucheka. Alikwenda kuchota maji, akatia klore, ile dawa ya kusafishia maji, akaosha mlango wote kuanzia kizingiti mpaka bawaba. Majirani walimzoea. Mama aliosha nyanya kwa klore, ndizi ambazo zingemenywa kwa klore, sarafu, viatu vya wageni. Katika mwaka wa wakimbizi, watu walipovuka mpaka na kujaa barabarani mpaka huoni lami, kipindupindu kiliingia mjini, nasi tulikuwa watoto wawili. Mdogo wangu alikunywa maji asubuhi na hakufika jioni. Mimi nilikunywa kutoka bidoni ile ile, dumu letu la maji. Baadaye walikuja watu wa afya na ndoo na sindano kubwa zisizo na ncha, wakatia klore katika kila bidoni kando ya ziwa, na vifo vikapungua. Mama aliona hilo kwa macho yake. Kwake yeye, klore ilikuwa imekuja ikiwa imechelewa siku chache, na tangu hapo hakuiacha ichelewe tena.

Goma haina majani. Mji umekaa juu ya mawe, na penye udongo kidogo watu wamepanda maharage. Majani ya ng'ombe yalitoka Kibumba, yakishuka kwa mafungu juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, pamoja na kabichi, viazi na karoti. Kila barabara ya Rutshuru, inayopita Kibumba, ilipokuwa na wasiwasi, fungu la majani lilipungua unene na kupanda bei. Mimi ni mtu wa kilimo. Nilisomea hayo, na nilikuwa nikifanya kazi hapa na pale kwa miradi iliyofika na kuondoka. Nilianza kuangalia soko kwa jicho jingine.

Kabichi ya Kibumba hufika ikiwa imevaa majani makubwa ya nje, magumu, yaliyotobolewa na wadudu. Wauzaji huyavua na kuyaangusha chini. Jioni soko lilikuwa na vilima vya majani ya kabichi, maganda ya ndizi, maganda ya mahindi mabichi. Yote yalioza pale pale mpaka mvua iyasukume mferejini. Nilijua njia ya kuyafanya chakula cha miezi: unayakata, unayaanika nusu siku yanyauke, unayashindilia ndani ya pipa mpaka hewa itoke, unaziba. Juu ya majani hayo tayari kuna vijidudu visivyoonekana, vinavyopenda sukari ya mmea na visivyohitaji hewa. Vinaila ile sukari na kutoa asidi, ile ile inayofanya maziwa yachachuke. Asidi ikizidi, vijidudu vya kuoza haviwezi kuishi. Pipa linakuwa kama limetiwa kufuli kwa ndani.

Nilimweleza mzee hayo kibandani, nikiwa nimechuchumaa mbele yake kama mtu anayeposa kwa mara ya pili.

"Inaitwa asidi ya maziwa," nikasema.

"Maziwa iko wapi?"

"Hakuna maziwa, papa. Ni majani."

"Asidi ya maziwa pasipo maziwa." Alimgeukia ng'ombe. "Unasikia mukwe wako? Hiyo ni harusi pasipo bibi."

Lakini alikuwa anafikiri. Alichukua kibuyu chake, akakitikisa karibu na sikio langu. Ndani kulikuwa na maziwa kidogo, mazito, yakigonga kuta taratibu. Akaniambia jambo nililowahi kuliona kwao bila kulielewa: kibuyu cha maziwa hakimalizwi. Unakunywa, unabakiza kidogo chini, na maziwa mapya yanajifunza uchachu kutoka kwa yale ya zamani. Na hakiguswi na maji hata siku moja. Kinasafishwa kwa moshi wa majani makavu. Kile alichokuwa nacho kilikuwa cha mama yake. Ng'ombe alikuwa akikaribia kukauka, kwa hiyo mzee alikuwa akimtuma mke wangu kununua kikombe cha maziwa ili, kwa maneno yake, kibuyu kisilale njaa.

"Hao wadudu wako," akaniuliza, "ndio wanakaa humu?"

"Ndugu zao."

"Basi ungesema hivyo tangu mwanzo."

Tulijaza pipa la kwanza pamoja. Mke wangu alikata, mimi nilianika, mzee alivua viatu, akaosha miguu, akaingia ndani ya pipa na kukanyaga akizunguka, mikono yake juu ya mabega yangu. Kila tabaka lilipotulia alinyunyiza maziwa chachu kutoka kibuyu, akisema maneno ya kwao ambayo sikuyauliza. Tulifunika kwa plastiki, tukafunga kwa kamba ya mpira, tukapanga mawe ya volkano juu. Mama alitutazama kutoka dirishani akishika pua, ingawa bado hakukuwa na harufu yoyote.

Pipa lilipofunguliwa baada ya wiki kadhaa, harufu ilitoka kali na tamu, kama maziwa ya mgando yaliyokaa karibu na pombe ya ndizi. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya kaki, bado yana umbo lake. Ungeweza kuona mishipa ya kabichi. Mzee alichovya kidole, akaonja, akafumba jicho moja. Ng'ombe alinusa, akarudi nyuma, akanusa tena, kisha akaingiza kichwa chote. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu afike.

"Mama!" aliita kuelekea dirishani. "Kuya uone! Takataka yenu ya soko imekuwa ubwari, chakula ya watu!"

"Kula wewe basi," mama akajibu.

"Nimeshakula!"

Kwa muda tuliishi hivyo. Ng'ombe alipewa beseni moja la pipa asubuhi na fungu jembamba la majani jioni, na tumbo lake likaanza kuonyesha kwamba yule dume wa jirani alifanya kazi yake. Mzee aliacha kuzungumzia zizi lililoswagwa. Sasa alizungumzia ndama, ambaye angekuwa jike, na ambaye angetembea mwenyewe kurudi Masisi barabara ikifunguliwa. Nilimsikia akimwahidi ng'ombe mambo ambayo hata serikali haijawahi kutuahidi.

Kilichobadilisha moyo wa mama yangu ni mabomu. Yalisikika kutoka upande wa Kibumba mchana mmoja, mazito, mfululizo, na mtaa mzima uliingia ndani. Mama alikuwa uani akianua nguo. Hakuweza kusogea. Nilimwona kutoka mlangoni akiwa amekumbatia shuka, na kabla sijamfikia mzee alitoa kichwa kibandani.

"Mama, uje huku. Ng'ombe haogope."

Alikwenda. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, karibu kabisa na yule mnyama aliyemchukia, na mzee akaendelea kumkuna ng'ombe shingoni kana kwamba mvua ndiyo inanyesha. Sikusikia yote waliyozungumza. Nilimsikia mama akitaja jina la mdogo wangu, jina ambalo halitajwi kwetu, na mzee akataja la mwanawe marehemu. Mabomu yalipokoma, mama alibaki pale mpaka chai.

Kuanzia siku iliyofuata alianza kurudi kutoka sokoni na gunia kichwani.

"Ya ng'ombe," alisema, akilitua mbele ya kibanda bila kumtazama mtu.

Aliwaamuru wauzaji wenzake wasitupe majani chini bali wamwekee pembeni. Alichagua. Aliacha yenye doa. Siku moja alimfokea mwanamke aliyemwekea majani yaliyokanyagwa: "Unadhani ng'ombe wetu ni nguruwe?" Mke wangu alinisimulia hilo akicheka, akirudia lile neno, wetu.

Tulihitaji pipa la pili haraka. Wachuuzi wa Kibumba walikuwa wakishuka na vitanda na mbuzi badala ya kabichi, na mtu haoni kitanda juu ya chukudu akasubiri kuelezwa. Asubuhi moja tulikuwa na majani ya kutosha yakianikwa juu ya turubai. Plastiki ya kuzibia ilikuwa imepasuka, nikaenda mjini kutafuta nyingine. Mzee naye alitoka na panga kutafuta majani kandokando ya uwanja wa ndege. Nilizunguka sana, kila aliyekuwa na plastiki alikuwa ameiuza kwa watu wa mahema. Nilirudi alasiri na kipande cha turubai kuukuu, nikakuta pipa limejaa, limefunikwa kwa shuka la plastiki la mezani la mama, lile la maua alilotandika Krismasi tu. Mawe yalikuwa yamepangwa juu yake kwa ukubwa.

"Tumemaliza," mama alisema. Alikuwa amelowa mpaka magotini, na ana furaha. "Muzee akirudi akute kazi imeisha. Kila siku yeye ndiye anakanyaga, na magoti yake yanauma, simwoni?"

Mikono yake ilinuka klore. Lakini mikono ya mama yangu imenuka klore tangu nikiwa mtoto. Nilikagua kamba, ilikuwa imekazwa vizuri. Mke wangu alikuwa jikoni na hakutoka kunisalimu, nikadhani amechoka. Mzee alipofika aliliona pipa, akaona shuka la maua, akavua kofia yake mbele ya mama yangu. Mama aliingia ndani haraka kama msichana.

Kisha barabara ya Rutshuru ilifungwa. Hapakuwa na tangazo. Siku moja chukudu hazikushuka, wala kesho yake. Badala ya kabichi walishuka watu, familia nzima nzima, na mahema yakavuka mipaka ya mahema. Soko likabadilika mbele ya macho yangu. Kwanza majani ya nje ya kabichi yalianza kufungwa mafungu na kuuzwa. Halafu wauzaji wakaacha kuyavua, kabichi ikauzwa na koti lake. Halafu maganda ya viazi yakapata wanunuzi. Nilitembea sokoni jioni na gunia tupu, nikaona sakafu ya soko ikiwa safi kuliko nilivyowahi kuiona. Hakukuwa na takataka. Wanawake wa mahema walikuwa wamepita na kuokota kila kitu chenye rangi ya kijani, na sikuweza kushindana nao kwa ajili ya ng'ombe.

Pipa la kwanza liliisha. Mzee alikwangua chini kwa mkono, akamlambisha ng'ombe kiganja chake. "Kesho tunafungua ya mama," alimwambia.

Tulilifungua asubuhi, sote wanne. Mama alikuwa amevaa kitenge kizuri. Mzee aliondoa mawe moja moja, mimi nikakata kamba, na mke wangu akasimama mbali, mkono mdomoni.

Harufu ilitupiga kabla shuka halijatoka: mayai viza, mfereji, maji yaliyofia ndani ya chombo. Juu kulikuwa na ukungu wa kijivu, na chini yake majani hayakuwa majani tena, yalikuwa ute mweusi unaoelea kwenye maji. Maji mengi mno. Majani yaliyonyauka hayatoi maji kiasi kile. Mzee alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kisha mpaka begani, shavu lake likiwa limegusa mdomo wa pipa, akitafuta chini kama kuna tabaka lililopona. Alitoa konzi ya ute. Akarudi tena. Ng'ombe alinusa kutoka kibandani, akageuza kichwa.

"Lakini niliosha," mama alisema.

Mzee alichomoa mkono, ute ukidondoka.

"Niliosha moja moja. Kwa klore. Hata pipa nililiosha, mara mbili. Yalitoka chini, sokoni, batu ba mahema wanapita pale, kama kuna kipindupindu…" Alinitazama mimi. "Na ile maziwa ya kibuyu sikutia. Kibuyu chenyewe hakijawahi kuoshwa."

Mke wangu alianza kulia. Alikuwapo siku ile, alijua kibuyu kina kazi gani, na alinyamaza kwa sababu kwao mwali hamsahihishi mama wa mumewe. Ndivyo mzee mwenyewe alivyomlea.

Mzee alikuwa anapangusa mkono kwa kipande cha gunia, kidole baada ya kidole.

"Klore inauwa nini, mukwe?"

"Vijidudu, papa."

"Na hawa wetu ni nini?"

"Vijidudu."

Alitikisa kichwa polepole.

"Haichague," akasema. "Sawa na masasi ya bunduki."

Halafu akamgeukia mama yangu, na sauti yake ikawa ya mtu aliyealikwa mahali. "Mama, asante kwa kuosha."

Tulijaribu yaliyobaki. Tulikata vigogo vya migomba kwa majirani mpaka majirani wakachoka; ni maji matupu, yanajaza tumbo na hayaachi kitu. Mama alimletea ng'ombe kabichi nzima, ya kuuza, akaimega mbele yake kwa mikono yake, na kesho yake nyingine, mpaka mzee akamzuia. Watoto wa nyumba ya nyuma walikuwa wakitazama kupitia nyufa za ubao. "Mama, acha," alisema. "Wale wanatuona." Mifupa ya nyonga ya ng'ombe ilianza kusimama chini ya ngozi kama nguzo za hema, na tumbo lenye ndama likaning'inia katikati.

Ng'ombe anauzwa akiwa bado amesimama. Akilala, anauzwa na mwenye kisu. Mjini kulikuwa na ng'ombe wengi wa watu waliokimbia, wote wamekonda, na mnunuzi mmoja tu kila mahali, mchinjaji. Aliyekuja kwetu alimzunguka ng'ombe, akambonyeza mgongoni, akauliza jambo ambalo hata yeye hakutaka kuliuliza.

"Muzee, iko na mimba?"

Angeweza kusema hapana. Kwao ng'ombe mwenye mimba hachinjwi; hata jina la kitendo hicho halisemwi karibu na moto. Lakini kwao pia mtu hadanganyi kuhusu ng'ombe.

"Iko," mzee alisema. "Jike."

Hakumsindikiza. Mimi ndiye niliyeshika kamba mpaka machinjioni Murara, na sitaandika habari za Murara.

Niliporudi, kibanda kilikuwa kimefagiliwa. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kufungwa, na mzee amekaa juu yake nje ya lango, amevaa koti. Mama alikuwa amesimama mbele yake katikati ya barabara, mbele ya majirani, akifanya kitu ambacho sijawahi kumwona akimfanyia mtu mwingine yeyote: alikuwa anaomba.

"Muzee, baki. Nyumba iko yako. Mimi ndiye nasema, si mukwe wako. Mimi mwenye parsele, mwenye hiki kiwanja."

"Mama, nilifuata ng'ombe."

"Basi tutatafuta ng'ombe mwingine!"

"Ukimupata utaniita." Alisimama, akajipangusa. "Nitakuya nyuma yake."

Alikataa pesa. Alikataa nimbebee mkeka. Aliondoka na mke wangu hatua chache nyuma, kuelekea barabara ya mahema, na ni usiku, mke wangu aliporudi peke yake, ndipo tulipogundua kwamba kibuyu kimebaki kibandani, kimetundikwa kwenye msumari. Sijui kama alikisahau. Mke wangu anasema mtu wa kwao hasahau kibuyu.

Wiki zile kipindupindu kiliingia mahemani. Tulisikia asubuhi redioni, na mama aliacha kula. Siku ya Jumapili, baada ya misa, aliniita. Kibuyu kilikuwa mezani, juu ya lile shuka la Krismasi, limeshaoshwa likarudi kung'aa. Kibuyu nacho kilikuwa kimebadilika rangi. Weusi wa moshi ulikuwa umetoka, na ngozi yake ilionekana manjano, kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Nilikifungua. Ndani hakukuwa na kitu ila harufu ya klore, kali mpaka machozi.

"Mama."

"Najua," alisema haraka. "Najua, usiniambie. Lakini ng'ombe hayuko tena. Hakuna maziwa. Sasa ni chombo cha maji tu, na kule watu wanakufa." Alikifunga mwenyewe, akakiweka mikononi mwangu. "Mupelekee. Mwambie nimeosha mara tatu. Mwambie asinywe kwa bidoni ya watu."

Nilimkuta mzee kwenye mstari wa maji, kati ya wanawake na vyombo vya njano, juu ya lava isiyo na kivuli. Alikuwa amekonda usoni. Tulisalimiana kama inavyotakiwa, yeye akiniuliza habari za kila mtu kwa zamu, akianza na mama yangu. Nikampa kibuyu. Alifungua, akanusa, na kwa muda mrefu hakukiondoa puani. Alikitikisa karibu na sikio, kama alivyonifanyia siku ile kibandani. Hakikutoa sauti.

"Mwambie mama ni safi," alisema.

Mstari ulisogea. Ilipofika zamu yake, alishika kibuyu cha mama yake chini ya bomba, na maji yakaingia. Mwanamke wa klore, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na sindano yake isiyo na ncha, alimtazama akishangaa.

"Papa, hii ni chombo gani?"

Mzee alikisogeza karibu naye ili amtilie dawa.

"Ni bidoni," akasema.